Kuokota na Kutumia Ubuyu wa Porini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu ubuyu unaookotwa chini ya mti au kuanguliwa kutoka mtini, pamoja na matumizi ambayo wenyeji wa bara na wa pwani wamerithishana kwa muda mrefu. Ubuyu wa pakiti umetajwa pale tu unapogusa jambo hilo.

Je, mbuyu ni mti wa porini kweli, ilhali mara nyingi tunauona katikati ya mashamba?

Ni mti wa porini. Mibuyu mingi iliyomo mashambani haikupandwa na mtu: ilikuwapo kabla ya shamba, na waliofyeka pori waliiacha kwa sababu ya matunda, kivuli, au kwa sababu tu kuangusha shina lenye mzingo wa mita kumi na zaidi ni kazi isiyo na faida, maana mti wake ni laini, umejaa maji, na haufai kwa mbao wala kwa kuni. Kwa jina la kitaalamu huitwa *Adansonia digitata*, nao hupenda maeneo ya joto yenye mvua chache. Nchini Tanzania unapatikana kwa wingi Dodoma, Singida, bonde la Ruaha na Mtera, nyanda za chini za Same na Mwanga, Tanga, Lindi, na visiwani Zanzibar. Nchini Kenya mwenye kusafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa huanza kuiona mibuyu akikaribia Kibwezi, na haimwachi tena hadi pwani. Kitui, Taita Taveta, Kilifi na Kwale nako imejaa. Nyanda za juu zenye baridi, kama vile Njombe au Limuru, usiende kuutafuta.

Msimu wa kuokota ni lini?

Mbuyu huchanua mvua zinapokaribia au zinapoanza, na tunda huchukua takriban miezi 5 hadi 6 kukomaa. Katika Tanzania ya kati, yenye msimu mmoja wa mvua, mabuyu makavu huanza kupatikana kuanzia mwezi Mei na kuendelea katika kiangazi, wakati mti umekwisha kupukutisha majani na matunda yananing'inia peke yake. Pwani, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka, msimu hauna mipaka iliyo wazi kiasi hicho, na miti miwili iliyo jirani inaweza kupishana kwa wiki kadhaa.

Nitajuaje kwamba buyu limekomaa?

Buyu changa ni la kijani, zito, na limefunikwa na manyoya laini kama mahameli. Likikomaa hugeuka rangi na kuelekea manjano au kahawia, kikonyo chake hukauka, na uzito hupungua sana kwa sababu nyama ya ndani imepoteza maji ikiwa bado ndani ya ganda. Litikise karibu na sikio: likigongagonga ndani, ubuyu umekauka na kuachana na ganda. Likikaa kimya na ni zito, ama halijakomaa, ama limeingiwa na maji. Kagua vilevile kama lina tundu au ufa, kwa kuwa hapo ndipo wadudu na unyevu huingilia, na ubuyu uliopatwa na unyevu hupoteza weupe wake, ukawa wa kijivu na wenye harufu ya uvundo. Buyu la namna hiyo litupwe lote, wala lisichaguliwe vipande.

Manyoya ya ganda huwasha yakigusa shingo au macho. Waokotaji wazoefu huyasugua kwanza kwa gunia au kwa mchanga kabla ya kulibeba buyu begani.

Ni njia gani bora ya kuyaangusha?

Njia bora ni kungoja yaanguke yenyewe. Yale yaliyobaki juu huanguliwa kwa upondo mrefu uliofungwa ndoano au upembo nchani, huku mwanguaji akisimama kando na si chini ya tawi, kwa maana buyu lenye ganda gumu likitoka mita kumi na tano juu linaweza kumvunja mtu fuvu. Kutupa mawe na marungu ni mchezo wa watoto wa kila kijiji chenye mibuyu, lakini hupasua mabuyu mengi yakiwa hewani na kuvunja vijiti vitakavyochanua msimu ujao.

Kukwea ni kazi ya wenye ujuzi. Shina la mbuyu ni laini na halina matawi ya chini, kwa hiyo tangu zamani watu hupigilia vigingi vya mti mgumu ndani ya shina na kuvifanya ngazi. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi ndio mabingwa wa kazi hiyo, ingawa mara nyingi wanachokifuata juu ni asali: ndege aitwaye mlembe huwaongoza kwenye mzinga uliomo ndani ya uwazi wa mbuyu, nao hukwea kwa vigingi wakiwa na kijinga chenye moshi. Matundu ya vigingi hivyo huonekana shinani miaka mingi baadaye. Mtu asiyelelewa katika kazi hiyo asijaribu.

Je, nahitaji ruhusa?

Ndiyo, karibu kila mahali. Mbuyu ulio katikati ya shamba au karibu na boma una mwenyewe, hata kama haukupandwa, na mara nyingi ukoo mzima unajua ni nani mwenye haki ya kuangua. Katika ardhi ya kijiji waulize viongozi wa kijiji. Katika misitu ya hifadhi, kwa Tanzania mwenye mamlaka ni Wakala wa Huduma za Misitu, na kwa Kenya ni Shirika la Huduma za Misitu. Ndani ya hifadhi za taifa kama Tarangire na Ruaha, ambako mibuyu ni mingi mno, hairuhusiwi kuokota chochote.

Ruhusa ya kuokota tunda haiwi ruhusa ya kuugusa mti wenyewe. Mwaka 2022 huko Kilifi mibuyu mizima iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe kuhusu leseni iliyotumika. Ni vigumu kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuufikiria mti wa karne kadhaa kama pambo la kuhamishwa bustani.

Nikishayafikisha nyumbani, nifanye nini?

Hapa ndipo ubuyu mwingi mzuri unapoharibikia, kwa hiyo inafaa tueleze kwa urefu. Kazi ya kwanza ni kulisafisha buyu likiwa bado zima: lifute, au lioshe upesi na kulianika juani, kwa sababu vumbi na manyoya ya ganda yakichanganyika na unga hayatoki tena. Kisha lipasue kwa jiwe safi au kwa mgongo wa panga, si kwa makali, ili ganda lifunguke vipande vikubwa bila kumwaga chengachenga ndani. Utakuta mabonge meupe ya unga yaliyokumbatia mbegu nyeusi, yakishikiliwa na nyuzi nyekundu. Mabonge hayo ndiyo ubuyu.

Toa nyuzi kwa mkono; zisitupwe, maana wengine huziloweka na kupata kinywaji chepesi chenye ukakasi. Mwaga mabonge kwenye turubai au jamvi safi lililoinuliwa juu ya kichanja, mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki, uyaanike kwa saa chache tu. Jua kali la siku nyingi halina faida, kwa kuwa ubuyu umekuja tayari ukiwa mkavu, na vitamini C hupotea kadiri unavyokaa kwenye joto na mwanga. Ukitaka unga, twanga polepole kwenye kinu kikavu, ukiinua mchi kidogo tu: lengo ni kuubandua unga kutoka kwenye mbegu, si kuzivunja mbegu. Baada ya hapo chekecha kwa chekeche la matundu madogo. Kinu kilichotwangiwa pilipili au dagaa kitaacha harufu yake, na hakuna sukari itakayoificha.

Hifadhi unga kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pakavu na penye kivuli. Ubuyu hunyonya unyevu haraka sana, hususan pwani. Ukiona umeanza kuganda na kuwa wa hudhurungi, ujue kifuniko hakikaziki. Ukiota ukungu usiule hata kidogo. Kwa anayetaka kuweka akiba ya mwaka mzima bila vyombo maalumu, njia ya wazee haijapitwa: mabuyu huachwa mazima, hayapasuliwi, nayo hukaa darini miezi mingi yakiwa salama ndani ya ganda lake.

Ubuyu mwekundu unaouzwa mitaani hutengenezwaje?

Huo ni ubuyu uleule wenye mbegu, uliopikwa kwa sukari. Mtindo wa Zanzibar, ambao umesambaa Dar es Salaam na Mombasa, ambako wengi huuita mabuyu, huanza kwa kuchemsha sukari na maji kidogo mpaka shira ianze kunata kwenye kijiko. Hapo hutiwa rangi nyekundu, iliki, vanila au arki nyingine, chumvi kidogo, na kwa wapendao, pilipili manga au pilipili ya unga. Sufuria huepuliwa au moto hupunguzwa sana, ubuyu hutiwa wote kwa pamoja, na mtu hukoroga upesi kwa mwiko hadi kila mbegu ivae shira. Ukichelewa kukoroga, utapata bonge moja la kuvunja kwa nyundo. Ni kitu kitamu, lakini ni peremende, na mzazi aupime kama anavyopima peremende nyingine. Rangi nayo iwe ya chakula iliyothibitishwa, si ile ya kupaka ukili.

Na matumizi ya jikoni yasiyo ya sukari?

Ni mengi zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo yenye thamani. Juisi hutengenezwa kwa kuloweka mabonge kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hivi, kuyavuruga kwa mkono hadi mbegu ziwe tupu, kisha kuchuja. Hupata kinywaji kizito cheupe chenye uchachu, ambacho wengine hukiongeza maziwa au tui la nazi. Unga hutiwa kwenye uji wa mtama, ulezi au uwele baada ya kuepuliwa, mahali ambapo wengine wangetia ndimu au ukwaju. Katika vijiji vikavu vya bara, ambako ndimu ni adimu, ubuyu huchachusha mboga za majani, na huwa chakula cha kweli katika miezi ya njaa kabla ya mavuno. Wahadzabe hula ubuyu mkavu ulivyo au huukoroga na maji, na mbegu zake huzitwanga wakazila pia.

Je, ni kweli kwamba ubuyu una vitamini C kushinda chungwa?

Kwa uzito, ndiyo. Vipimo hutofautiana sana baina ya mti na mti, lakini gramu 100 za unga mkavu kwa kawaida hukutwa na miligramu kati ya 150 na 500, ilhali chungwa lina takriban miligramu 50 katika uzito huohuo. Hata hivyo ulinganisho huo, unaorudiwa kila mahali, una hila ndani yake: chungwa limejaa maji na ubuyu ni mkavu, na hakuna anayekula gramu 100 za unga kwa mkao mmoja. Kijiko cha chakula kina gramu 10 hivi, kwa hiyo hukupa miligramu 15 hadi 50, kiasi ambacho ni kizuri lakini si cha ajabu. Sifa ambayo husemwa kidogo kuliko inavyostahili ni nyuzinyuzi, ambazo huchukua karibu nusu ya uzito wa unga, pamoja na madini ya kalisi. Soko la nje lilianza kufunguka pale Umoja wa Ulaya ulipouidhinisha unga huu kuwa kiungo cha chakula mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009.

Ubuyu hutumika kutibu nini kimila?

Katika sehemu nyingi ubuyu uliokorogwa hupewa mtu mwenye homa, anayeharisha, au aliyeishiwa nguvu, na majani au magome hutumika kwa homa na maumivu ya viungo. Kwa upande wa kuharisha mila hiyo ina mantiki, kwa sababu kinywaji cha ubuyu hurudisha maji mwilini na nyuzinyuzi zake hukaza choo. Lakini mtoto anayeharisha apewe kwanza maji yenye chumvi maalumu ya ORS na apelekwe kituo cha afya. Ubuyu uje kando ya hayo, usichukue nafasi yake. Homa katika ukanda wetu ipimwe malaria siku hiyohiyo. Matangazo yanayodai kwamba unga au mafuta ya ubuyu huponya kisukari, saratani au Ukimwi hayana msingi, na mgonjwa anayeacha dawa zake kwa ajili ya matangazo hayo hujiweka hatarini.

Mbegu zinaliwa? Na mafuta yake?

Mbegu huliwa zikiwa zimekaangwa na kutwangwa, zikatiwa kwenye mchuzi mithili ya karanga. Mafuta yanayokamuliwa bila moto ni mazuri kwa ngozi na nywele, na hiyo ndiyo biashara yake kubwa. Kuyanywa au kuyapikia yakiwa mabichi haishauriwi, kwa sababu yana asidi za mafuta za kundi la saiklopropenoidi ambazo zimeonekana kudhuru wanyama, na ambazo hupungua mafuta yanaposafishwa kwa joto kali kiwandani.

Majani nayo?

Majani machanga yanayochipua mvua zikianza hupikwa kama mboga na huwa na utelezi. Afrika Magharibi ndiko yanakothaminiwa zaidi: Wahausa huyakausha na kuyasaga wakapata kuka, na Senegal huitwa lalo. Mti unaovunwa majani kila mwaka huzaa mabuyu machache, kwa hiyo chagua unataka nini kutoka mti upi.

Kuchuna magome kwa ajili ya kamba hakuui mti?

Miti mingi ikichunwa gome kuizunguka hufa. Mbuyu huota gome jipya. Ndiyo sababu mibuyu ya Ukambani ina mistari na makovu shinani, alama za vizazi vya wanawake waliochuna nyuzi za ndani, wakazilainisha kwa kuzipondaponda, wakazisokota pajani na kufuma viondo. Kamba hizo ni imara, na zilitumika pia kwa kufungia mifugo na kuezekea. Kupona si bure, hata hivyo: mti huchukua miaka kadhaa kurudisha unene wa gome, na mbuyu uliokwisha kubanduliwa na tembo au kuteswa na ukame usiongezewe jeraha. Chuna upande mmoja, kwa vipande vyembamba, na uache sehemu ya chini kabisa.

Kwa nini baadhi ya mibuyu imefungwa vitambaa?

Kwa sababu ni mahali pa matambiko. Pwani na hata bara watu huamini kwamba mibuyu mikubwa ni makazi ya mizimu au majini, na utakuta shinani vitambaa vyekundu, vyeupe au vyeusi, chetezo, sarafu, na chupa za maji ya waridi. Mwokotaji, awe anaamini au haamini, apite mbali: asichukue kitu, asiokote mabuyu ya mti huo bila kuwauliza wenyeji. Imani hiyo imeilinda mibuyu mingi kuliko mabango ya serikali.

Kuna mibuyu isiyozaa. Je, ni midume?

Wanavijiji huiita hivyo, ingawa kila ua la mbuyu lina sehemu zote mbili, za kiume na za kike. Ni kweli, hata hivyo, kwamba ipo miti ambayo huchanua kila mwaka na kutoa mabuyu machache au isitoe kabisa. Ua lenyewe ni kubwa na jeupe, huning'inia kichwa chini, hufunguka jua likizama na kuanguka kesho yake. Usiku huo mmoja huchavushwa na popo wala matunda, na komba nao hulizuru. Pale popo wanapofukuzwa au mapango yao yanapochomwa moto, mavuno ya ubuyu huwa hatarini.

Mbuyu huishi miaka mingapi?

Si rahisi kuhesabu, kwa sababu shina hutoboka katikati na pete zake hazisomeki vizuri. Vipimo vya kaboni vimeonyesha kwamba mbuyu mmoja wa Zimbabwe, uitwao Panke, uliishi takriban miaka 2,450 kabla ya kuanguka mwaka 2011. Mwaka 2018 jarida la *Nature Plants* lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, kati ya mibuyu 13 iliyo mikongwe zaidi Afrika, 9 ilikuwa imekufa au kupoteza sehemu zake kongwe katika miaka kama 12; watafiti walishuku mabadiliko ya tabianchi. Lakini ukubwa haumaanishi ukongwe daima: mbuyu wa misheni ya Bagamoyo, uliopandwa mwaka 1868, ni mnene kiasi kwamba umekwisha kuumeza mnyororo ambao, kwa masimulizi ya huko, ulitumika kufungia punda.

Naweza kuupanda mwenyewe?

Unaweza, ukiwa na subira. Mbegu ina ganda gumu ambalo porini hulainishwa na tumbo la tembo au nyani. Nyumbani ikwaruze kwa tupa au ikate kidogo pembeni, au imwagie maji yaliyotoka kuchemka na uiache ilowe usiku kucha. Ipande mvua zikianza. Mche wa mbuyu haufanani na mzazi wake, kwani majani yake ya kwanza ni jani moja moja, si vidole vitano hadi saba, na wapaliliaji wengi huung'oa wakidhani ni gugu. Wanaosema kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha wangeweza kulichukua neno hilo kama maelezo ya bustani. Weka boma la miiba kuuzunguka kwa miaka ya mwanzo, maana mbuzi huupenda mno. Mti uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka 10, 20 au zaidi kabla ya kuzaa, ilhali uliobebeshwa, yaani mche uliounganishwa na kijiti cha mti unaozaa vizuri, huanza baada ya miaka michache tu, nao ndio unaofaa kwa mtu anayetaka kuuonja ubuyu wa mkono wake mwenyewe.